Je, Wajua? Bei ya Mnada wa Mtandaoni Huwekwa na Aliyeshindwa

Kwa nini kitu kilichotumika, kinapowekwa kwenye mnada wa mtandaoni, hukaa siku sita kikiwa na bei ya kuaibisha, kisha kikapanda ghafla katika dakika ya mwisho au, jambo linalomuudhi muuzaji zaidi, kisipande kabisa ingawa yupo mtu anayekitamani? Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu, nalo lilikuwa kosa tupu. Nilidhani kwamba bei inayoonekana kwenye ukurasa wa mnada ni kipimo cha hamu ya mtu anayeongoza. Ikiwa bei ni pauni 12, basi yupo mtu aliyekitazama kitu changu, akakipima, akaamua kwamba kwake kina thamani ya pauni 12 na hakizidi hapo.

Kosa hilo lilinigharimu kamera. Nilikuwa nikiishi Uingereza, nayo ilikuwa kamera ya filamu, nzito, yenye mfuko wa ngozi uliochakaa. Niliiweka mnadani kwa siku saba kwa bei ya kuanzia ya peni 99. Siku ya pili ilifika pauni 12, na siku ya tano ilikuwa bado pauni 12. Mtu mmoja aliniandikia faraghani akinipa pauni 25 taslimu iwapo ningeufunga mnada na kumuuzia yeye moja kwa moja, na mimi, niliyeamini kwamba ulimwengu mzima ulikuwa umeshatoa hukumu yake, nilikubali kwa shukrani. Majuma mawili baadaye nilitazama kamera ya aina ileile, yenye mfuko uliochakaa kuliko wangu, ikilala kwenye pauni 14 hadi Jumapili jioni kisha ikauzwa kwa pauni 71. Wakati huo ndipo nilipoanza kusoma kanuni za mnada, ambazo kwa haki nilipaswa kuzisoma kabla ya kuuza.

Inafaa kulikalia kosa hili kwa muda, kwa sababu halitokani na uzembe peke yake. Wengi wetu tumeujua mnada kwa masikio: mnadi anapaza sauti, mtu anataja kiasi, mwingine anataja kikubwa zaidi, na kila anayetaja husikika. Neno letu la dau nalo linatupotosha kidogo, kwa kuwa anayeweka dau katika mchezo huweka mezani fedha zote alizokusudia kuzihatarisha, na kila mtu huziona. Katika minada ya mtandaoni iliyofuata kanuni za eBay, tovuti ya Marekani ambapo watu huuziana vitu kwa mnada, dau halimaanishi hivyo. Kiasi anachoandika mnunuzi ni kikomo chake cha siri, yaani kiwango ambacho mfumo umeruhusiwa kufika kwa niaba yake pale tu unapolazimika. Bei inayoonekana ni kitu kingine kabisa.

Njia nyepesi ya kulielewa hili ni kufikiria mnada wa ng'ombe ambao wanunuzi wenyewe hawakwenda, bali kila mmoja amemtuma kijana wake. Mama mmoja anamwambia mpwa wake: "Unaweza kufika laki tisa, lakini usiitaje laki tisa. Ongeza elfu kumi tu juu ya mwenzako, kisha unyamaze." Mnadi anaanza na laki tatu. Kama hakuna kijana mwingine aliyetumwa, mpwa huyu anasema laki tatu, ng'ombe anakuwa wake, naye anarudi nyumbani na laki sita mfukoni. Mwenye ng'ombe hatajua kamwe kwamba zilikuwepo.

Sasa tuseme amefika kijana wa pili, aliyepewa kikomo cha laki sita. Wawili hao watapandishana elfu kumi kumi hadi yule wa pili afike mwisho wa kamba yake, na mpwa wetu atashinda kwa 610,000. Akiongezeka kijana wa tatu mwenye kikomo cha 550,000, bei haibadiliki hata kidogo. Lakini kijana huyo wa tatu akiwa na kikomo cha 850,000, ng'ombe atauzwa kwa 860,000. Mshindi ni yuleyule katika hali zote, na hamu ya mama aliyemtuma ni ileile ya laki tisa, ilhali bei imekuwa 300,000, kisha 610,000, kisha 860,000. Kilichobadilika ni nguvu ya yule aliyeshindwa. Kompyuta hufanya ubishi huu wote kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana mtu anayeandika dau huweza kuarifiwa papo hapo kwamba ameshazidiwa na mtu ambaye huenda kwa wakati huo amelala.

Kuna vighairi vidogo. Hatua ya kupandisha hubadilika kadiri bei inavyokua. Kwenye tovuti ya eBay ya Marekani, kwa mfano, ni senti 50 kwa bei za kati ya dola 5 na 24.99, na dola 1 kuanzia dola 25 hadi 99.99. Vikomo viwili vinapokaribiana kuliko hatua moja, mshindi hulipa kikomo chake kamili. Hata hivyo, kanuni yenyewe haitikisiki: mnunuzi mmoja mwenye shauku kubwa hamletei muuzaji chochote zaidi ya bei ya kuanzia.

Utaratibu huu haukubuniwa kwa ajili ya intaneti. Mchumi William Vickrey aliuchambua katika makala ya mwaka 1961, akaonyesha kwamba mshindi anapolipa kiasi cha aliyemfuata, kila mzabuni hupata sababu ya kutaja thamani yake ya kweli bila ujanja. Alitangazwa mshindi mwenza wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwezi Oktoba 1996, akafariki dunia siku tatu baadaye. Ilikuja kugundulika kwamba wafanyabiashara wa stempu za barua nchini Marekani walikuwa wakiuza kwa njia hiyohiyo, kwa posta, tangu mwaka 1893. Wanunuzi wa mbali walituma vikomo vyao kwa barua, na mnadi akawatetea kama vijana wetu wa ng'ombe. Kuhusu eBay, inatosha kusema kwamba Pierre Omidyar aliianzisha California mwaka 1995, na kwamba kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, kwa dola 14.83, kwa mtu aliyekusanya kalamu za leza zilizoharibika. Soko lililoanza hivyo lilikuwa limeshatangaza tabia yake.

Unabaki ule ukimya wa siku sita. Mnamo 2002, wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti uliolinganisha minada ya eBay na ile iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon wakati huo. Tofauti iliyowavutia ni saa ya kufunga. Mnada wa eBay hufungwa kwa sekunde iliyotangazwa, hata kama mtu anaendelea kuandika. Wa Amazon ulisogezwa mbele kila dau lilipoingia mwishoni, na haukufungwa mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya, jambo lisilo mbali na mnadi wa hadhara anayeita mara ya kwanza, ya pili, kisha akasita kabla ya ya tatu. Kwenye eBay, dau la mwisho liliingia ndani ya dakika 5 za mwisho katika asilimia 40 ya minada ya kompyuta na asilimia 59 ya minada ya vitu vya kale. Kwenye Amazon ilikuwa kama asilimia 3 kwa aina zote mbili. Ni kweli kwamba minada iliyopimwa ilikuwa 480 tu na bidhaa zilikuwa za aina mbili, kwa hiyo si busara kuzibeba asilimia hizo hadi kwenye kila soko, lakini pengo lenyewe ni kubwa mno kuwa la bahati.

Kuvizia, yaani kungoja hadi dakika za mwisho ndipo uweke dau, kuna mantiki. Mjuzi wa vitu vya kale anayeweka dau mapema huwatangazia wengine kwamba kitu hicho ni halisi. Mvuvi aliyegundua mwamba wenye samaki hawashi taa anapoelekea huko. Aidha, wapo wanunuzi ambao hawaandiki kikomo chao cha kweli mara moja, bali huongeza kidogo kidogo kila wanapozidiwa, na anayevizia huwanyima nafasi ya kujibu. Wauzaji huwachukia waviziaji na kuwalaumu kwa kila bei duni, nami nilikuwa miongoni mwao. Ushahidi hauungi mkono hasira hiyo kwa kiasi kikubwa: Jeffrey Ely na Tanjim Hossain, walioweka madau yao wenyewe kwenye minada ya diski za filamu na kuchapisha matokeo mwaka 2009, waliona kwamba kuvizia humwokolea mnunuzi fedha, ila ni kidogo. Hizo zilikuwa diski zenye nakala nyingi sokoni, na kamera ya pekee inaweza kuwa na hadithi nyingine.

Kero ya mshindi asiyelipa nayo huonekana tofauti mtu akishajua bei inatoka wapi. Tangu Mei 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, hatua iliyochukuliwa kwa sababu wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa wanunuzi waliolalamika. Anaruhusiwa, hata hivyo, kumrudia aliyeshika nafasi ya pili na kumuuzia kwa kiasi cha juu alichokitaja. Kwa kuwa ni huyo wa pili aliyeiweka bei, hasara ya muuzaji kwa hesabu ni hatua moja tu ya kupandisha. Kwa desturi ni zaidi, maana mtu huyo mara nyingi ameshanunua kwingine au anashuku kwamba mshindi aliyetoweka alikuwa binamu wa muuzaji.

Ikiwa bei hutegemea mtu wa pili, basi kazi yote ya muuzaji ni kumleta mtu wa pili. Gillian Ku, Adam Galinsky na Keith Murnighan, katika utafiti wa mwaka 2006, walionyesha kwamba bei ya kuanzia iliyo chini huweza kuleta bei ya mwisho iliyo juu, kwa kuwa huwakaribisha watu wengi, na wingi huo huwavuta wengine. Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale walipochunguza fulana za Michael Jordan ambazo wauzaji walikuwa wameliandika jina vibaya, "Micheal", hivyo anayetafuta kwa tahajia sahihi hakuziona. Hapo mambo yaligeuka, na bei ya chini ya kuanzia ikazaa bei ya chini ya mwisho. Mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini uliwekwa kwenye uchochoro asipopita mtu.

Nilikuwa nimeshayasoma haya yote nilipouza lenzi ya kamera ileile, iliyobaki kabatini. Nilianza kwa peni 99 kwa kujiamini na sikuugusa mnada kwa siku saba. Dau lilikuwa moja. Nilipoutazama ukurasa upya niliona kwamba katika jina la mtengenezaji nilikuwa nimeruka herufi moja. Mnunuzi alilipa peni zake 99 siku hiyohiyo, akaniandikia ujumbe wa adabu kwamba ameitafuta lenzi hiyo kwa miaka miwili, na kwamba alikuwa ameweka kikomo cha pauni 60.