Mtoto mnene asinywe chai asubuhi? Maswali ninayoulizwa sana kliniki hapa Mbeya

Swali: Binti yangu ana miaka 15, mnene, nimemkataza chai ya asubuhi ili apungue. Nimekosea?

Jibu: Ndio mama, kesho mrudishie. Hili naliona kila wiki, mtoto anatoka Uyole na baridi ile tumbo tupu, saa nne anavamia soda na maandazi getini kwa shule, jioni anafunua kila sufuria mpaka muda wa kulala. Hapo hajapunguza kitu, amehamishia kula usiku tu.

Swali: Mbona wengine wanakunywa chai na bado wananenepa?

Jibu: Chai gani sasa? Chai ya rangi sukari vijiko vinne na maandazi matatu ni ngano, mafuta na sukari, njaa inarudi fasta. Protini ndio inashikilia tumbo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri kule Marekani walitoa matokeo ya mabinti 20 wenye uzito mkubwa ambao walikuwa na tabia ya kuruka chai, siku walizokula asubuhi chakula chenye protini gramu 35, mayai na nyama ya ng'ombe, jioni walidokoa vitu vya mafuta kidogo kuliko siku za tumbo tupu, na hata picha za ubongo zilionyesha sehemu za tamaa ya chakula zimetulia.

Swali: Na darasani?

Jibu: Ubongo unakula sukari ya kwenye damu. Mtoto mwenye njaa anawaza chakula, hesabu haziingii, alafu anaitwa mvivu.

Swali: Mayai na nyama kila siku hela sina.

Jibu: Maharage je? Ya jana yachemshe vizuri, weka na kiazi cha kuchemsha (sio chipsi jamani), kipande cha parachichi, maziwa bila sukari. Yai likipatikana lina protini gramu 6 hivi.

Swali: Ila jana usiku alikula sana, leo si aruke tu?

Jibu: Hapana. Nasema tena hapana, akiruka leo asubuhi usiku atarudia yale yale.

Swali: Shingo yake imekuwa nyeusi, namsugua na dodoki haitakati.

Jibu: Acha kumsugua, sio uchafu! Kwa mtoto mnene weusi wa shingoni na kwapani mara nyingi unaonyesha insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) haifanyi kazi vizuri, mlete apimwe sukari. Na mkiona ana kiu isiyoisha, anaamka usiku kukojoa kila mara na anakonda ghafla, msishangilie kwamba kuruka chai kumesaidia, mleteni siku hiyo hiyo.