CL kubwa haimaanishi RAM nzito

Wengi bado wanaamini kwamba RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yenye CL 30, yaani namba ya ucheleweshaji wake, ni nzito kuliko ya CL 16, kwa kuwa namba ndogo ndiyo bora. Si hivyo. CL haipimi muda. Inahesabu mizunguko ya saa ya RAM (mapigo yanayoongoza kazi yake) tangu iagizwe data hadi ianze kuitoa, na urefu wa kila mzunguko hutegemea kasi.

Kupata muda halisi wa kusubiri, zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi iliyoandikwa kwenye RAM. DDR4-3200 (RAM ya kizazi cha nne, kasi 3200) ya CL 16 inakupa nanosekunde 10. DDR5-6000 ya CL 30? Nanosekunde 10 zilezile, ila hii ya pili hupitisha data nyingi zaidi kwa sekunde. Ukilinganisha RAM za kasi moja, hapo sawa, chukua yenye CL ndogo.

Volti nayo isikuchanganye. DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2, nyingi za kasi kubwa huhitaji 1.35 ili zitulie kwenye kasi hiyo. Volti peke yake haiongezi kasi. Na tafadhali, ukishaifunga RAM kwenye kompyuta ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa, la sivyo RAM ya 3200 inaweza kubaki kwenye 2133 na usijue.