Kilo 94, London 2012: dhahabu ilikwenda kwa aliyemaliza wa tano

Ukifungua leo matokeo rasmi ya kunyanyua vitu vizito, wanaume kilo 94, Olimpiki ya London 2012, utakuta hivi: dhahabu Saeid Mohammadpour wa Iran, fedha Kim Min-jae wa Korea Kusini, shaba Tomasz Zieliński wa Poland. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda kwenye ngazi ya washindi usiku ule wa tarehe 4 Agosti pale ukumbi wa ExCeL. Mohammadpour alimaliza wa 5. Kim alikuwa wa 8. Zieliński alikuwa wa 9, na mshika nafasi ya tisa kwa kawaida hata kamera haimfuati akishuka jukwaani.

Nimekuwa mwamuzi wa mchezo huu kwa muda sasa, na vijana wakiniuliza matokeo ya mashindano makubwa yanasomwaje, huwa naanzia hapa. Watu wengi hudhani orodha ya washindi inafungwa wimbo wa taifa ukishapigwa. Kwenye mchezo wetu hufungwa miaka kumi baadaye, muda wa kupima upya dawa za kuongeza nguvu ukiisha.

Kwanza, kwa asiyeufahamu mchezo. Kuna mitindo miwili. Snachi ni chuma kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mvuto mmoja, bila kupumzika njiani. Mtindo wa pili, ambao sisi tunauita jeki kwa kifupi, chuma kinapokewa kwanza mabegani, mnyanyuaji anasimama, anavuta pumzi, halafu anakisukuma juu. Kila mtu ana majaribio matatu kwa kila mtindo. Anachukuliwa jaribio lake bora la snachi na bora la jeki, vinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayogawa medali za Olimpiki. Waamuzi watatu wanawasha taa nyeupe au nyekundu. Nyeupe mbili zinatosha. Chuma hakishuki uzito, kinapanda tu, kwa hiyo wakali hukaa nyuma wakisubiri wenzao wamalize.

Usiku ule aliyesubiri mpaka mwisho alikuwa Ilya Ilyin wa Kazakhstan. Alikuwa bingwa wa Beijing 2008, bingwa wa dunia mara kadhaa, na kipenzi cha watu. Akaweka 185 kwenye snachi, na kwenye jeki akapandisha kilo 233, rekodi ya dunia. Jumla 418, rekodi nyingine. Nyuma yake Alexandr Ivanov wa Urusi akapata 409, na Anatoli Ciricu wa Moldova 407. Mohammadpour alikuwa na 402. Kilo tano tu zikamnyima shaba, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wote walipimwa mkojo, na wote walionekana wasafi.

Hapa ndipo panapohitaji maelezo, maana mtu husema haraka kwamba wapimaji walihongwa. Kuna nyakati walihongwa kweli, nitafika huko. Lakini kwa London jibu kubwa ni kemia. Dawa zilizokuja kuonekana baadaye zilikuwa zaidi mbili, zote za kujenga misuli: stanozololi, na ile inayojulikana kwa jina la kibiashara la Turinabol. Turinabol si ugunduzi wa juzi. Ilitengenezwa Ujerumani Mashariki miaka ya 1960, na serikali ya huko iliwagawia wanamichezo wake kwa mpango maalumu, wengine wakiwa mabinti wadogo walioambiwa ni vitamini. Ni kidonge cha kumeza, na kwa mtu anayenyanyua vyuma faida yake ni kwamba misuli inajengeka na mwili unapona haraka, kwa hiyo anaweza kufanya kesho mazoezi mazito aliyoyafanya leo.

Mwili ukishaivunjavunja dawa hiyo, hutoa mabaki yake kwenye mkojo. Maabara hazitafuti kidonge chenyewe, zinatafuta mabaki. Mabaki yaliyokuwa yakijulikana zamani yalikuwa yanapotea mapema, kwa hiyo daktari wa timu alikuwa na hesabu rahisi: acha vidonge muda fulani kabla ya kusafiri, utafika na mkojo msafi, na nguvu bado unayo. Nguvu haiondoki na kidonge. Hilo ndilo lililowapa jeuri.

Wasichojua ni kwamba kuna mabaki mengine, kidogo mno, yanayoendelea kutoka kwa muda mrefu zaidi. Njia ya kuyanasa ilichapishwa na wakemia wawili wa maabara ya Moscow, Tim Sobolevsky na Grigory Rodchenkov, mwaka 2012 wenyewe. Jina la pili huenda unalijua. Huyo Rodchenkov ndiye mkuu wa maabara aliyekuja kukimbilia Marekani na kueleza hadharani jinsi alivyosaidia kuwaficha wanamichezo wa Urusi, pamoja na chupa zilizobadilishwa usiku kule Sochi 2014. Mkono mmoja ulitega mtego, mwingine ukawapitisha watu wake pembeni. Mimi bado sijui nimweke kundi gani.

Sasa chupa zenyewe. Mnyanyuaji akishashuka jukwaani anakutana na mtu aliyevaa kitambulisho ambaye hatamwacha tena, hata chooni. Anachagua mwenyewe kifurushi kilichofungwa kati ya kadhaa. Anakojoa mbele ya shahidi wa jinsia yake, shati limepandishwa kifuani na suruali imeshushwa magotini, isiwe kuna mpira wenye mkojo wa mtu mwingine uliofichwa. Inatakiwa angalau mililita 90. Unaweza kuona ni kidogo, lakini mtu huyu alijinyima maji ili apite kwenye mizani saa mbili kabla ya shindano, kisha akatokwa na jasho jukwaani. Nimeona watu wakikaa chumba kile mpaka ukumbi umefagiwa na taa zimezimwa, chupa za maji tupu zimejaa miguuni, na bado tone halijatoka. Ukitoka, mwenyewe anaugawa: sehemu kubwa chupa A, iliyobaki chupa B. Kifuniko kina meno yanayozunguka upande mmoja tu, ukikifunga kinalia trik-trik, na kukifungua bila mashine ya maabara ni lazima ukivunje. Ndivyo tulivyoambiwa, mpaka Sochi.

Chupa A inapimwa. Kinachobaki kinawekwa kwenye friza kwa miaka, zamani 8, sasa 10. Mwaka 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaamuru chupa za Beijing na London zitolewe na zipimwe upya kwa njia mpya.

Wengi waliokamatwa walikuwa wanyanyuaji, na kilo 94 ndiyo iliyoumia kuliko zote. Ilyin akaondoka. Ivanov akaondoka. Ciricu akaondoka. Aliyekuwa wa 4, Andrey Demanov wa Urusi, naye. Kisha wa 6 na wa 7. Katika saba bora wa usiku ule akabaki mmoja: Mohammadpour. Ilyin alipoteza na dhahabu ya Beijing pia, ambayo ilikwenda kwa Szymon Kołecki wa Poland, wakati huo akiwa amekwishaachana na vyuma na baadaye akaingia ulingoni kwenye MMA, mapigano ya mitindo mchanganyiko.

Angalia hesabu uone uzito wake. Jumla ya Zieliński ilikuwa 385, Kim 395. Kati ya shaba mpya na dhahabu ya zamani kuna kilo 33. Ndiyo maana siwapendi wanaosema "wote walikuwa wanatumia, kwa hiyo walikuwa sawa". Kama wote wangekuwa sawa, pengo la namna hiyo lisingekuwepo.

Lakini nisikudanganye kwamba shaba ilimfikia malaika. Zieliński alikwenda Rio 2016 akiwa bingwa wa Ulaya, na kabla hajagusa chuma akarudishwa nyumbani: alikutwa na nandroloni, nayo dawa ya kujenga misuli. Kaka yake Adrian, bingwa wa London kwenye kilo 85, naye alinaswa kwa dawa hiyohiyo. Kipimo cha Rio hakifuti cha London, kila shindano na chupa yake, hivyo medali ya 2012 ikaja kwa mtu ambaye tayari jina lake lilikuwa limechafuka. Sheria iko wazi na imefuatwa. Moyo ndio unaokataa kupiga makofi.

Wasomaji wa Kenya watakuwa wameshamkumbuka Asbel Kiprop. Beijing 2008, mita 1500, alimaliza wa pili nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Sampuli zikapimwa upya, Ramzi akanaswa, na Kiprop akawa bingwa wa Olimpiki bila kusikia wimbo wake uwanjani. Mwaka 2019 akafungiwa miaka 4 yeye mwenyewe, kwa EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Anakana mpaka leo.

Kwa shirikisho letu la kimataifa, IWF, moto uliwaka kuanzia hapo. Mwaka 2017 nchi tisa, zikiwemo China, Urusi na Kazakhstan, zilifungiwa mwaka mzima. Mashindano ya dunia ya Anaheim, Marekani, yakafanyika bila vigogo hao. Mwaka 2020 Tamás Aján, aliyekuwa ndani ya uongozi tangu 1976 na rais tangu 2000, alijiuzulu, na ripoti ya mchunguzi wa kujitegemea, Richard McLaren, ikaeleza mamilioni ya dola yasiyojulikana yalikokwenda na vipimo kadhaa vya watu waliokutwa na dawa vilivyofichwa. Hapo ndipo rushwa ilipokuwa, ofisini zaidi kuliko maabara. Kazi ya kupima ikatolewa mikononi mwa shirikisho na kupewa chombo huru. Olimpiki nazo zikatubana: Rio tulikuwa na nafasi 260, Tokyo 196, Paris 120. Tuliwekwa nje ya mpango wa awali wa Los Angeles 2028, tukarudishwa Oktoba 2023.

Nani alilipa? Si Aján. Ni kijana wa nchi ndogo aliyekuwa akihesabu kwamba nafasi 260 zitamfikia hata yeye.

Na huku kwetu vidonge vinauzwa tu. Vijana wa jimu wananiletea makopo yenye maandishi ya lugha wasizosoma, wananiuliza, "Kocha, hii ina shida?" Jibu langu ni moja: kama hujui kilichomo, chupa itakuja kukuambia, na haitakuambia leo.

Kuhusu rekodi ya 418, usijisumbue kuitafuta. Ilifutwa pamoja na matokeo, na mwaka 2018 IWF ikabadilisha madaraja yote ya uzito, rekodi zote za zamani zikawekwa kabatini. Kilo 94 ikafa, ikaja 96. Halafu Juni 2025 madaraja yakabadilishwa tena na kilo 94 ya wanaume ikarudi, na rekodi zake zikaanza kuandikwa upya. Sampuli za London zimeshapita muda wake na hazitafunguliwa tena. Za Paris zipo kwenye friza mpaka 2034.