Anaharisha, Halafu Unamnyima Maji? Maswali na Majibu Kuhusu Afya ya Jamii

Masika yakishika kasi, benchi la kituo chetu huku mabondeni Dar es Salaam hujaa kina mama waliobeba watoto wa kuharisha. Maswali huwa ni yale yale, na kosa linalotuletea watoto wakiwa hoi ni lile lile. Nimeyakusanya hapa, pamoja na machache ya wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi.

Afya ya jamii ndiyo nini? Si hospitali?

Hospitali inamtibu mtoto mmoja. Afya ya jamii inauliza kwa nini mtoto huyo, wa jirani na wawili wa nyumba ya nyuma wameugua wiki moja. Shirika la Afya Duniani, tangu katiba yake ianze kutumika 1948, linasema afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii, si kukosa ugonjwa tu. Kwa maneno ya mtaani: maji unayochota, choo, kipato, nyumba, elimu ya mama, chanjo na umbali wa kufika kituoni vimeshaamua mengi kabla hujaonana na daktari.

Mbona mnatuuliza maji tunachota wapi? Mimi nimeleta mgonjwa, sikuleta kisima.

Swali hili huja na hasira, nami naielewa. Lakini jibu lako linaweza kuokoa mtaa.

Mwaka 1854 kipindupindu kilipoishambulia London, daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba kusini ya mto Thames akiuliza hilo hilo: maji yenu yanatoka wapi? Mitaa ilikuwa ile ile, tajiri na maskini wamechanganyika, ila mabomba yalikuwa ya kampuni mbili. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia mtambo wake juu ya mto mwaka 1852, mbali na maji taka ya jiji. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota pale pale penye kinyesi. Katika wiki 7 za kwanza za mlipuko, kwa kila nyumba 10,000 zilizotumia maji machafu walikufa watu 315. Upande wa pili walikufa 37. Hewa moja, barabara moja, pengine ukuta mmoja kati yao. Na hapo ilikuwa bado karibu miaka 30 kabla Robert Koch hajamtambulisha mdudu wa kipindupindu kwa ulimwengu.

Kwa hiyo nikikuuliza kama dumu lako ni la kisima kifupi, la boza au la bomba la jirani, sikupelelezi. Natafuta kisima kinachotuletea wagonjwa.

Basi ni uchafu wetu wenyewe?

Nusu ndiyo, nusu hapana. Ukijenga bondeni kwa sababu ndipo fedha yako ilipofikia, maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo halichimbiki likaenda chini, na mtaro wa mtaa umeziba. Hilo halimalizwi na sabuni peke yake, na wanaopaswa kuzibua mtaro nao wasijifiche nyuma ya semina za kunawa mikono.

Lakini kutapisha choo? Mtu anangoja mvua ikolee saa 8 usiku, anatoboa shimo, kinyesi kinaondoka na mafuriko kwenda kwa mwenzake mwenye kisima. Najua gari la kunyonya lina gharama. Najua pia kwamba wiki hiyo hiyo ninapokea watoto wa nyumba zilizo chini yako, na mara nyingine wako mwenyewe. Nchi hii iliwahi kulielewa jambo hili vizuri. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo.

Mtoto akiharisha, si nipunguze maji ili tumbo likauke?

Hapana. Hapana tena. Hili ndilo nililokusudia hasa kuliandika.

Tumbo halikauki kwa kunyimwa maji. Anayekauka ni mtoto. Kuharisha kunamwaga maji na chumvi za mwili, na kinachoua haraka ni huo upungufu. Ukimnyima, utaona nepi imekaa kavu, utafurahi kwamba amepona, kumbe hana tena cha kutoa. Nimewapokea wa namna hiyo: utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, na mama ananiambia kwa fahari, "Tangu jana sijampa hata tone."

Lakini nikimpa anaharisha zaidi. Naona kwa macho yangu.

Unaona kweli. Choo kinaweza kisipungue siku ya kwanza, kwa sababu ORS, yaani unga wa pakiti wenye chumvi na sukari unaochanganywa na maji, kazi yake ni kurudisha kilichopotea, si kufunga choo. Sukari kidogo iliyomo huivuta chumvi kupita ukuta wa utumbo, na chumvi huvuta maji. Hata utumbo ulioshambuliwa na kipindupindu bado una uwezo huo.

Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijazana India na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa ndugu wa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vinakaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Walionywesha walikuwa mama, baba na kaka, kwa vikombe. Kwa hiyo mnyweshe. Akiharisha tena, mnyweshe tena.

Na akitapika?

Subiri dakika 10, kisha mpe polepole, kijiko kimoja kimoja. Wanaotapika zaidi ni wale wanaomiminiwa kikombe kizima kwa sababu mama ana haraka ya kurudi jikoni.

Nachanganyaje?

Pakiti moja nzima ya lita moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, yaliyochemshwa yakapoa au kutiwa klorini. Usigawe pakiti nusu nusu, usiongeze sukari, usichanganye na soda. Yakipita saa 24 mwaga, changanya mengine. Wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha; wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Huna pakiti na duka limefungwa? Lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Anza na hayo huku ukitafuta pakiti.

Titi liendelee, uji uendelee. Ukija kituoni utapewa na zinki, ambayo hutumiwa siku 10 hadi 14. Usiikatishe siku ya tatu eti kapona.

Kwani Flagyl haitoshi? Duka la dawa wananipa bila maswali.

Wanakupa bila maswali, ndiyo shida yenyewe. Kuharisha kwingi kwa watoto kunatokana na virusi, na Flagyl haiui virusi. Dawa za kufunga choo usimpe mtoto kabisa. Kama unataka kinga ya kweli, chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, hutolewa kliniki wiki ya 6 na ya 10, bure.

Bibi yake anasema ni meno tu, niache yatoke.

Shikamoo bibi, lakini hapana. Meno huota umri ule ule ambao mtoto anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, basi jino ndilo linabebeshwa lawama. Na wanaompeleka mtoto kung'olewa "meno ya plastiki": ile ni fizi ya mtoto wako inachokonolewa. Anarudi na kidonda, damu na kuharisha kule kule.

Nitajuaje kwamba sasa ni mbio?

Amelegea au analala kupita kawaida, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yamezama, ukibana ngozi ya tumbo inarudi polepole, au choo kina damu. Mtu yeyote, mkubwa au mdogo, anayetoa choo kama maji ya mchele: njoo saa hiyo hiyo. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, na kikitibiwa mapema hufa chini ya mmoja katika 100.

Mimi sina hata kuumwa tumbo, mbona mnakuja kupulizia klorini chooni kwangu?

Kwa sababu wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaumwi, au huumwa kidogo tu, na bado hutoa wadudu kwenye choo kwa siku 1 hadi 10. Mgonjwa katoka nyumbani kwako jana. Tufungulie.

Ni saa 7 usiku na dalili hizo anazo. Nisubiri kupambazuke?

Usisubiri. Nimeshaambiwa mara nyingi, "Tulisema kukicha tumlete." Gonga mlango wa jirani, ita bajaji, bodaboda, chochote. Chukua kadi ya kliniki kama iko karibu, usipoiona, iache. Na ikiwa mtoto anaweza kumeza, kikombe na kijiko viwe mkononi, umnyweshe njia nzima mpaka mlangoni kwetu.