Kinu cha nyuklia kikizimwa bado hakijapoa, tuelewane hapo

Nikielezea usalama wa vinu vya nyuklia lazima mtu aniulize, sasa maji ya kupoza yakivuja si wanazima tu mambo yanaisha? Hayaishi jamani, na hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote.

Kuzima maana yake umesimamisha atomu mpya zisipasuke, basi. Mabaki ya zile zilizokwisha kupasuka yamo humohumo kwenye fimbo za fueli na yanaendelea kutoa joto, mara tu baada ya kuzima ni kama asilimia 6 ya nguvu yote, baada ya saa moja bado ipo asilimia 1 na kitu. Unaona ndogo? Kwa kinu cha megawati 3,000 za joto hiyo ni zaidi ya megawati 30, na swichi ya kuizima haipo, dawa yake ni kupoza tu.

Angalia Three Mile Island kule Pennsylvania, alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979. Kinu kilijizima chenyewe ndani ya sekunde chache, safi kabisa, lakini valvu ya kupunguza presha ikafunguka ikagoma kufunga, na taa ya kwenye paneli ilikuwa inaonyesha amri ya kufunga imetumwa, haionyeshi kama valvu imefunga kweli!! Maji yakatoka zaidi ya saa mbili, huku waendeshaji wanaona geji inasema maji yamejaa, wakapunguza pampu za dharura zilizokuwa zinawaokoa. Karibu nusu ya fueli ikayeyuka, kwenye kinu kilichozimwa. Fukushima kule Japani 2011 hivyohivyo, vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga, tsunami ndo ikaua jenereta za pampu. Kwa hiyo ukisikia ajali usiulize "wamezima?", uliza maji yanaingia kiasi gani na nani amehakikisha.

Eti kinu kinalipuka kama bomu la Hiroshima: hakiwezi, urani ya vinu vingi vya umeme imerutubishwa asilimia 3 mpaka 5 tu, yaani ile aina inayopasuka kirahisi ni kiasi hicho tu, na bomu linahitaji nyingi zaidi ya hapo. Ile milipuko ya Fukushima ilikuwa hidrojeni, maana zirkoni, metali inayofunika fueli, ikipata joto kali ikakutana na mvuke inatoa hiyo gesi.

Eti kinu cha Chernobyl, Ukraine, 1986 maji yalivuja: hapana, nguvu ya kinu ilipanda ghafla, ni ajali ya aina nyingine kabisa.

Na ule "moshi" mweupe juu ya minara minene ya kupoza ni mvuke, maji yenyewe hayajagusa fueli.