Kwa nini mazoezi hukatika wiki ya pili? Maswali na majibu

Kila nikianza mazoezi naacha baada ya wiki mbili. Mimi ni mvivu?

Sidhani. Mara nyingi kosa liko kwenye mwanzo wenyewe. Mtu aliyekaa miezi bila kujishughulisha anaanza kwa saa nzima kila siku, na kesho yake hata kushuka ngazi ni shida. Maumivu ya misuli baada ya zoezi geni hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, kwa hiyo siku ya tatu anaamka amekakamaa na hamu imekwisha. Anza na kiasi utakachokimudu hata siku uliyochoka. Dakika 10 za kutembea kwa haraka zinatosha kabisa. Utaongeza mwili ukishazoea.

Nifanye nini ili niwe na hamasa kila siku?

Usiitegemee hamasa. Huja na kuondoka, hata kwa wanariadha. Wanaodumu huwa wameshaamua mapema, saa ya mazoezi ikifika hawaanzi tena kujadiliana na nafsi zao.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hiki", na imeonekana kusaidia watu kutekeleza wanayokusudia. "Mwaka huu nitafanya mazoezi" ni nia tu. Lakini ukisema, "Nikimaliza kupiga mswaki asubuhi, hapo hapo nachuchumaa na kuinuka mara 10," umeshajipangia wakati, mahali na kazi yenyewe. Mswaki unakukumbusha, huhitaji kusubiri mpaka ujisikie.

Punguza pia vikwazo vidogo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotushinda asubuhi. Usiku tandaza nguo za mazoezi kwenye kiti, soksi ziwe ndani ya viatu, viatu viwe karibu na mlango. Simu iwe mbali na kitanda, ili kuizima kengele ikulazimu usimame. Na kama una rafiki wa kufanya naye, afadhali zaidi: ni vigumu kujifunika shuka huku ukijua kuna mtu anakusubiri nje.

Ni kweli siku 21 zinatosha kujenga mazoea?

Kwa wengi hazitoshi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba ilichukua kama siku 66 kwa mtu wa kawaida kujenga mazoea, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo ukifika mwezi wa pili na bado unajisukuma, hujashindwa. Waliona pia kwamba kukosa mara moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka.

Nimeruka siku tatu. Nianze upya?

Endelea ulipoishia, wala usijiadhibu kwa kufanya mara mbili. Siku chache haziondoi ulichojenga. Ukikaa wiki mbili au zaidi ndipo pumzi huanza kupungua, ingawa nguvu ya misuli hukawia kidogo kushuka. Hapo rudi na kiasi pungufu kwa siku za mwanzo.

Mizani haisogei. Nina haja gani ya kuendelea?

Mizani si shahidi mzuri wa wiki za kwanza. Uzito hupanda na kushuka kwa kilo moja au zaidi ndani ya siku kutokana na maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni. Wakati huo huo ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuitumia misuli vizuri zaidi, ndiyo maana unapata nguvu kabla misuli haijanenepa. Andika kwenye daftari ulichofanya: dakika ulizotembea, ngazi ulizopanda bila kuhema. Humo utaona mabadiliko ambayo mizani haikuonyeshi.

Lengo liwe kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na ya kujenga misuli siku mbili au zaidi. Usipofika huko, kidogo bado kina faida.

Ni lini nisijilazimishe?

Ukiwa na homa, pumzika. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, acha mara moja utafute matibabu. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu, na mama mjamzito, waongee na mhudumu wa afya kabla ya kuanza.