Kutoweka porini: kisa cha alala, kunguru wa msitu wa Hawaii

Kwetu pwani kunguru hahitaji kutambulishwa. Yuko jalalani, yuko soko la samaki, yuko juu ya bati anakusubiri ugeuze kisogo. Yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akazaana mpaka akawa kero. Kwa hiyo si rahisi kuamini kwamba kuna kunguru aliyefikia hatua ya kutobaki hata mmoja msituni. Yupo. Anaitwa alala, wa kisiwa kikubwa cha Hawaii, na anaeleza vizuri kuliko kamusi maana ya "kutoweka porini".

Hilo ni daraja katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Linatumika pale ambapo viumbe wa aina fulani bado wapo hai, ila wote wanaishi mikononi mwa watu. Likivukwa hilo, kinachofuata ni kutoweka kabisa. Watanzania tuna mfano wetu: vyura wa Kihansi, waliotangazwa hivyo mwaka 2009 huku ndugu zao wakilelewa kwenye bustani za wanyama Marekani.

Alala ana urefu wa karibu nusu mita, mweusi usiong'aa, mdomo mnene. Ni ndege wa chini ya miti. Hula wadudu, mayai ya ndege wengine, na zaidi ya yote matunda. Kuna tunda liitwalo hoawa, ganda lake gumu kama mbao. Alala hulikanyaga kwa mguu, akaligonga kwa mdomo mpaka likapasuka, akatoa mbegu. Mbegu anazozimeza huzidondosha mbali na mti mama. Ndiyo maana mimi humhesabu kuwa mpandaji wa ule msitu, na kumwondoa ni kuuachisha msitu kazi yake.

Aliondokaje? Hakuna sababu moja. Misitu ilikatwa kwa ajili ya ng'ombe na mashamba. Nguruwe walioachwa wakazurura walifukua vichaka ambamo alala hujificha. Zikaja panya, paka na nguchiro, na kinda wa alala hutoka kiotani kabla hajaweza kuruka vizuri, akakaa siku kadhaa karibu na ardhi. Mbu walioletwa na meli katika karne ya 19 wakaeneza malaria ya ndege. Paka nao hubeba kimelea cha toksoplazma, ambacho humuua alala hata kama paka mwenyewe hajamgusa. Wawili wa mwisho walionekana Kona Kusini, kisiwani humo humo, mwaka 2002.

Waliobaki kwenye vituo vya kuwalea wamezaana, sasa ni zaidi ya mia moja. Lakini hapa ndipo neno "kutoweka" linapouma, kwa sababu kuna vitu vilivyopotea huku ndege wenyewe wakiwa hai. Watafiti walilinganisha sauti za alala wa porini zilizorekodiwa zamani na za hawa wa vizimbani, wakakuta milio ya kulinda eneo haisikiki tena, na milio ya kutahadharishana imepungua. Ndege aliyezaliwa kizimbani hana mwenzake wa kumlilia kwamba mwewe huyo anakuja.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Alala wa kizimbani alikuwa amepoteza woga wenyewe. Kati ya vijana 27 walioachiliwa miaka ya 1990, 21 walikufa au kupotea, na mwewe wa kisiwa hicho, aitwaye io, alikuwa mmoja wa wauaji wao. Baadaye ikabidi wafundishwe: wanaonyeshwa mwewe hai huku wakipigiwa sauti za hofu za wazee wao. Hata hivyo, kati ya 30 walioachiliwa kuanzia 2016, wengi walikufa, na mwaka 2020 waliosalia wakarudishwa vizimbani.

La kushangaza, kuna ujuzi ambao haukuhitaji mwalimu. Mwaka 2016 ulitangazwa utafiti wa alala 104, karibu wote waliokuwepo duniani wakati huo. Waliwekewa gogo lenye matundu, nyama imefichwa ndani. Asilimia 78 waliokota kijiti na kuivuta. Wengine walikikata kwanza kijiti kilichozidi urefu. Hata makinda wasiowahi kumwona mkubwa akifanya hivyo waliweza. Kutumia kijiti wanazaliwa nako; kumwogopa mwewe wanahitaji mzazi.

Novemba 2024 watano waliachiliwa Kipahulu, kisiwa cha Maui, mahali ambapo io haishi. Kufunguliwa mlango hakubadilishi daraja. Litabadilika siku alala watakapozaana wenyewe msituni, kizazi baada ya kizazi, na kinda akamsikia mama yake akipiga ule mlio wa tahadhari.